Mstari wa Siku ya Kumi na Moja

Kisauni, Jumanne alasiri

Mwanangu Zuhura,

Mamako yuko chumba cha pili, analifungua sanduku lako kwa mara ya tatu na kulifunga tena. Keshakuambia ule nini, ujifunike nini, na usikae na dirisha wazi treni ikianza kupanda bara. Yote aliyokuambia ni sawa, yafuate, mimi sina la kuongeza. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Isome leo, kabla ya kesho, na uisome peke yako. Nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo tangu Jumapili, nikajikuta nazungumza habari za blanketi.

Nataka kukuandikia juu ya kifurushi alichokuletea Bi Fatuma wa Mtopanga, juu ya daftari langu la fizikia, na juu ya Alhamisi moja ulipokuwa na miaka kumi na mitatu. Mambo hayo matatu ni jambo moja. Ukifika mwisho utaona.

Unakwenda kusoma fizikia, nami nimejigamba barazani mpaka watu wameanza kunikimbia. Wenzangu wanabishana habari za Mwambao kujitenga, na bendera ipi itapandishwa mwisho wa mwaka, mimi naingiza habari za binti yangu na chuo cha Kampala. Mzee mmoja aliniuliza, "Hiyo fizikia yatibu nini, mwalimu?" Nikamwambia haitibu kitu. Nilijibu kwa mzaha, lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani.

Unakumbuka mwaka ule niliokuwa nasomea shahada kwa posta. Tulikuwa walimu wanne, watu wazima wenye watoto, tukikutana mara tatu kwa wiki katika chumba cha mabati Frere Town. Maswali yalitoka Uingereza kwa meli, na majibu yetu yakarudi huko kwa meli. Aliyetufundisha alikuwa Bwana Rodrigues, Mgoa mwembamba aliyezaliwa hapa hapa Mombasa, mtu wa kuvaa tai hata wakati wa kaskazi. Siku ya kwanza hakutuandikia kanuni hata moja. Aliandika ubaoni: Mwisho wa mwaka huu mwanafunzi aweze. Chini yake akaandika mambo manne. Aweze kupima. Aweze kusema kipimo chake huenda kimekosea kwa kiasi gani. Aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe kile ambacho hesabu imesema. Na la nne, aweze kupaacha wazi pale ambapo hakuona.

Mwenzetu mmoja wa Likoni, Mwalimu Juma, akanyoosha mkono. "Hilo la nne lina alama ngapi, bwana?"

"Halina alama," akajibu Bwana Rodrigues.

Tukacheka wote. Tuliyanakili yote manne kwa mwandiko mzuri, tukafunga madaftari. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilidhani ametutania.

Kazi yetu kubwa ya vitendo mwaka ule ilikuwa kupima maji. Kila mmoja achague mahali pake, na kwa siku kumi na nne aandike saa ambayo bahari imepwa kabisa, na kina kilichobaki, na mwisho wa mstari aeleze alichokiona. Siku moja, mstari mmoja. Mimi nilichagua kile kivuko cha chini ya Mtopanga, mkono wa bahari unapoingia kwenye mikoko na watu huvuka kwa miguu maji yakipwa. Niliuchora mti kwa futi na inchi, nikaukita topeni, na watu wakazoea kuniona nimesimama pale na saa yangu ya mkono na daftari. Akina mama waliniamkia na kunicheka. Walikuwa wakijua maji yatapwa saa ngapi bila ya mti wala daftari.

Kazi ile aliisahihisha Bwana Rodrigues kwa karatasi ya alama iliyotoka Uingereza, na sisi tuliijua karatasi ile kuliko tulivyoijua bahari. Jedwali lililojaa lilikuwa na alama nyingi. Mstari mtupu ulipunguza alama. Maelezo yenye vitu vya kuonekana, mtu, chombo, ndege wa pwani, yaliongeza. Tuliiweka karatasi ile mfukoni, na yale mambo manne tukayaacha daftarini.

Siku kumi nilikwenda. Siku kumi nilisimama pale kwa haki, mwanangu, na ile mistari kumi naweza kuiapia. Siku ya kumi na moja ilikuwa Alhamisi, nami nilikuwa nimekuahidi tangu mwanzo wa likizo kwamba nitakupeleka Changamwe kuona ndege ya injini nne ikitua. Ulikuwa umenikumbusha mara tatu asubuhi ile. Nikasema, maji ya leo si maajabu. Jana yalipwa saa tatu na kidogo, leo yatapwa saa nne. Bamvua imeanza, siku za maji kujaa sana na kupwa sana, kina kitakuwa kidogo kuliko jana. Hesabu ninayo kichwani, nitaujaza mstari jioni. Tukashika njia, tukavuka daraja la kuelea la Nyali, tukapanda basi mpaka Changamwe.

Najua unaikumbuka siku ile kwa sababu wewe mwenyewe huisimulia. Huwasimulia wenzako jinsi ndege ilivyokuja chini chini juu ya minazi, na jinsi ulivyodhani itatugonga. Nimekusikia ukiisimulia pengine mara ishirini, na kila mara huruka mahali pamoja. Leo nitapaandika mimi.

Tulisimama kwenye waya, palipo na majani mafupi. Ndege ilichelewa sana. Ilitua saa kumi alasiri, na mkono wako ulikuwa umeshika mkono wangu. Magurudumu yalipogusa chini hukuitazama ndege. Ulinitazama miguu, ukasema, "Baba, mbona suruali yako imelowa?"

Nikatazama. Ilikuwa imelowa mpaka magotini, imenishika miguuni. Mvua haikunyesha siku ile. Majani yalikuwa makavu, viatu vyako vilikuwa vikavu na pindo la gauni lako kavu. Ndani ya viatu vyangu vidole vilikuwa vinaogelea. Nilihisi baridi, nikaogopa, na sikutaka mtoto wangu anione nikiogopa. Nikakuambia, "Umeona vibaya. Hicho ni kivuli."

Ukasema, "Naam, Baba."

Tulipofika nyumbani niliivua ile suruali, nikaikunja, nikaificha. Baada ya siku mbili niliitoa, na kuanzia magotini kushuka chini ilikuwa na mistari myeupe ya chumvi. Nimeihesabu hesabu hiyo kwa kila njia niliyofundishwa, na mpaka leo hainipi jibu.

Jioni ile ile ya Alhamisi niliketi nikajaza mstari. Nikaandika tarehe, nikaandika saa, nikaandika kina. Nilipofika kwenye maelezo nikasita kidogo, kisha nikaandika kwamba mwanamke anavuka peke yake, maji yanamfika magotini, na ameshika champali moja mkononi. Moja niliiweka makusudi. Kila avukaye huvua champali zake miguuni akazishika zote mbili, jambo hilo halina ladha. Nilijisemea kwamba mwenye kusahihisha akiona moja atasema huyu alikuwepo kweli. Neno magotini sijui lilitoka kwenye hesabu au kwenye suruali.

Jumamosi walikuja watu watatu. Bi Fatuma, ambaye wakati ule nilimjua kwa salamu tu. Kakake, Mzee Omari. Na mpwa wao aliyekuwa karani bandarini, kijana wa kalamu mbili mfukoni. Wewe ulileta kahawa, ukabaki umesimama mlangoni na sinia.

"Mwalimu, twakuudhi," akasema Mzee Omari. "Riziki, binti wa huyu dada yangu, hajaonekana tangu Alhamisi. Alitoka akasema enda kwa shangaziye ng'ambo. Shangaziye asema hakufika. Na watu wote watwambia mwalimu husimama pale kivukoni kila siku."

"Alitoka saa kumi," akasema Bi Fatuma. "Hata kahawa hakunywa."

Nilikuwa nafungua mdomo, na wallahi sijui ningesema nini, lakini daftari lilikuwa mezani na karani alikuwa keshalifungua. Alitafuta Alhamisi kwa kidole. "Hii hapa," akasema. "Mwalimu ameandika nne. Nne ya Kizungu ndiyo saa kumi yetu. Saa kumi, mwanamke avuka peke yake, maji yamfika magotini."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini, na nataka ulielewe vizuri kwa sababu ni kosa letu sisi, Mwingereza hawezi kulifanya. Mshale wa saa ukiwa kwenye kumi, sisi twasema saa nne. Ile mistari kumi ya kwanza niliiandika nikiwa nimesimama ufukweni, natazama uso wa saa. Mshale ulipokuwa kwenye tisa niliandika tisa, bila kufikiri. Alhamisi sikuwa na uso wa saa mbele yangu. Nilikuwa na neno tu kichwani, saa nne, na mkono ukaandika nne kama ulivyolisikia. Kwa Kiingereza nikawa nimeyapwisha maji alasiri, saa ambayo bamvua hujaa.

Mzee Omari alikunja uso. "Saa kumi? Na bamvua hii? Saa kumi maji ya pale humpita mtu kichwa."

"Mwalimu hupima, ami," akasema karani. "Wewe wakadiria." Akaendelea kusoma. "Na ameshika champali moja mkononi."

Bi Fatuma alitoa sauti ambayo sijaisikia tena. "Moja," akasema. "Nyingine iko uvunguni mwa kitanda. Ilikatika gidamu asubuhi ile, akaiacha, akatoka na ile nzima. Sijamwambia mtu hilo. Nilimwambia nani? Hata nyinyi sijawaambia." Akanigeukia. "Nambia, mwalimu. Ulimuona kwa mato yako?"

Nilikuwa na njia ya kutoka, Zuhura. Ilikuwa fupi. Ningesema, Bi, mimi siku ile sikuwepo, nilikuwa Changamwe na huyu binti yangu, muulizeni. Lakini daftari lilikuwa linatakiwa Jumatatu, na karani alikuwa ananitazama kwa heshima, na mama wa watu alikuwa amenikazia macho akitaka neno moja tu. Nikasema, "Nilimuona, Bi."

Uliinua kichwa ukanitazama. Kisha ukanitazama miguu. Kisha ukaweka sinia chini ukatoka.

"Basi maji yalimpisha mwanangu," akasema Bi Fatuma. Akalia kwa furaha, akanishika mikono yote miwili.

Vijana waliokuwa wakitafuta kwenye mikoko waliitwa warudi siku hiyo hiyo. Mwalimu amemuona akivuka, maji magotini, ya nini kuzamia? Wakamtafuta ng'ambo, Jomvu, Changamwe, mpaka stesheni. Watu wakaanza kusema amepanda treni, amefuata mtu bara. Na kwa sababu amevuka salama, hakulaliwa matanga, hakusomewa hitima, hakusaliwa. Mamake akaacha mlango bila komeo ili akirudi asisumbuke.

Lile la maji kupisha likakua lenyewe. Mwaka wa pili niliona vijungu vya ubani kivukoni. Wanawake wenye wana safarini walikuwa wakija kufukiza pale saa kumi alasiri, siku za bamvua, bahari imejaa na ule mti wangu wa kupimia umezama wote. Waliponiona walinipisha njia. Mmoja aliniomba niguse kichwa cha mtoto wake. Nikamgusa, mwanangu. Nilimgusa nikaenda zangu.

Na kila bamvua Bi Fatuma akawa anakuja kuniuliza. Umeziona mwenyewe ziara zake hizo. "Nambia tena, mwalimu. Alikuwaje?" Mara ya kwanza nilirudia yaliyo daftarini. Lakini mama hatosheki na mstari mmoja, na mimi nilimwonea huruma, nikampa kidogo cha kuongeza. Nilimpa leso ya rangi ya kunde. Mwaka uliofuata nikamwambia aligeuka nyuma mara moja. Mwaka jana nilimpa tabasamu. Jambo linalonitisha ni kwamba sasa namuona. Nikifumba macho namuona waziwazi, leso, shingo inavyogeuka, maji yanavyojikunja kwenye magoti yake, naye ananitazama mimi na hatabasamu. Tabasamu ni langu. Huo uso sijui nimeupata wapi, kwa sababu Riziki sikupata kumuona maishani mwangu hata siku moja.

Nilifaulu. Unajua kwamba nilifaulu, cheti kile pale ukutani. Daftari langu lilipata alama kuliko la Mwalimu Juma, ambaye alikuwa na mistari miwili mitupu kwa sababu aliugua homa, naye akaandika pale kwamba aliugua homa.

Matokeo yalipokuja Bwana Rodrigues aliniita peke yangu. Alikuwa anafunga vitabu vyake, anahama kwenda kwa nduguye Goa. Alinifungulia daftari mahali penyewe bila kutafuta.

"Mwalimu, siku ya kumi na moja bahari yako imesimama kichwa chini."

Nikamwambia ni kosa la kalamu.

"Si la kalamu. Mchoro wako wa maji kupanda na kushuka uko sawa, jedwali liko kinyume. Anayesoma saa hakosi hivi. Hukosa hivi mtu anayeisikia saa kichwani. Ulikuwa wapi?"

"Changamwe," nikasema. "Na binti yangu. Tulikwenda kuona ndege."

Alivua miwani akaifuta kwa tai. "Ungeandika hivyo," akasema, "ningekuwa na wanafunzi wawili waliofuzu mwaka huu badala ya mmoja."

"Lakini umenipa alama zote."

"Karatasi ya alama yauliza kama mstari umejazwa. Haiulizi umejazwa nini. Yale mambo manne niliyaandika mimi, hayakutoka Uingereza. Niliona nikiyaandika ubaoni yatatosha." Akaonekana mzee ghafla. "Hilo ni kosa langu, nalo sipati popote pa kulipunguzia alama."

Nikamweleza habari ya Riziki. Nilimweleza yote isipokuwa suruali. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema maneno mawili tu, "Kamwambie mamake." Nikasema nitakwenda Ijumaa baada ya sala. Hiyo Ijumaa nimeiahirisha kwa miaka mitano.

Nimekueleza kosa kubwa. Kuna dogo, na kwangu mimi hilo dogo ndilo linalouma zaidi, kwa sababu nilikufanyia wewe. Kabla ya Alhamisi ile ulikuwa mtoto wa kutangaza. Baba, kunguru yule ana mguu mmoja. Baba, huyu mtu wa duka mizani yake imelala upande. Ulikuwa unatuaibisha mbele za watu. Baada ya siku ile ulianza kuuliza. Baba, ni kweli nimeona? Hata mwaka jana, msichana mkubwa, wa kwanza darasani, ulinionyesha jaribio lako la lenzi ukaniuliza kama ulichokiona ndicho. Kilikuwa ndicho, na mbele yako palikuwa na picha yenyewe kwenye karatasi.

Uliona sawa, Zuhura. Suruali ilikuwa imelowa, mpaka magotini, kwa maji ya chumvi. Siku nzima ile kitu kimoja tu kilionekana kwa jicho la mtu na kusemwa kwa ulimi, nacho ulikiona wewe. Mimi nikakikana, nikaenda kuandika ambacho hakikuonekana. Sijui maana yake. Sikuombi uelewe, wala usimpe mtu yeyote maelezo ya kujaza tu nafasi. Nisamehe kwa kukuambia kwamba ni kivuli.

Huko Kampala watakupa orodha ya mambo utakayoweza mwisho wa mwaka, na watakupa karatasi ya alama, na utaona upesi kwamba hazikuandikwa na mtu mmoja. Wewe ni mwerevu, utaijua karatasi ya alama kabla ya wiki ya pili, na mimi sitajifanya mtakatifu nikuambie usiitazame. Itazame, tunahitaji ufaulu. Lakini mara moja moja itafute ile kazi isiyo na alama. Ipo, haikosi kuwapo. Mimi niliicheka kwa sababu nilikuwa na haraka kama mwenzangu aliyeuliza bei yake.

Sasa Jumapili. Bi Fatuma alikuja, nikadhani amekuja kwa ajili yangu, kumbe amekuja kwako. Ulikuwa umeketi mkekani unakunja nguo. Alikupa kile kifurushi cha gazeti, akakuambia, nami nilisikia kila neno, "Mwanangu, bara ni kubwa lakini watu hukutana. Ukimuona Riziki mpe hii, ni ya pili yake. Gidamu nimeishona. Mwambie mamake hajafunga mlango."

Ulikipokea kwa mikono miwili, ukasema, "Abee, Bi. Nitamtafuta." Ukakitia chini kabisa ya sanduku. Kisha uliinua kichwa ukanitazama vile vile kama siku ya sinia, na safari hii hukunitazama miguu. Nikaona kwamba miaka yote hii umeubeba uongo wangu ukiwa mtoto, na sasa ukiwa mtu mzima nakufungia sandukuni uende nao mpaka Kampala, ukaangalie nyuso za wanawake njiani.

Asubuhi ya leo nilikwenda Mtopanga. Nilimkuta anapepeta mchele barazani. Nilikataa kiti. Nilimwambia kila kitu kwa mpango, mimi ni mwalimu. Nilimwambia Alhamisi nilikuwa wapi, saa nne ni nini na nne ni nini, na kwamba champali nilitunga, leso nilitunga, kugeuka nilitunga. Nilipofika kwenye tabasamu, nalo nikalisema.

Hakuacha kupepeta mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, "Na maji? Saa kumi ile yalikuwaje?"

"Yalikuwa yamejaa, Bi. Bamvua."

"Kiasi gani?"

"Yanampita mtu."

Akaweka ungo chini. "Omari alisema," akasema. "Siku ile ile Omari alisema." Akayatazama macho yangu. "Miaka mitano nakupenda, mwalimu, kwa sababu mato yako ndiyo ya mwisho kumuona mwanangu. Hata ukipita njiani nayatazama. Basi hakuna aliyemuona."

"Hakuna, Bi."

"Alikuwa peke yake."

"Sijui, Bi," nikasema. Ndilo jibu la haki nililokuwa nalo. Suruali sikumtajia. Sikutaka kumpa tena kitu cha kushika.

Hakunitukana. Ningalifurahi angalinitukana. Alisema kifurushi kitoke kwako na kirudi kwake leo, kwa hivyo kitoe sandukuni umpe mamako. Kisha akainuka, akaenda mpaka ukingo wa baraza, akawaita majirani kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njooni, jamani. Mwanangu amekufa."

Walikuja wakikimbia. Nilisimama mle uani wanawake wakijaa, wengine walioleta ubani kivukoni, na kilio kilipoanza nilijua kwamba kilikuwa kimengojea nyuma ya ule mstari wangu muda wote huo. Wametandika mikeka. Kesho baada ya sala ya alasiri atasaliwa Riziki, maiti akiwa ghaibu, na ikisha sala Bi Fatuma anataka nisimame mbele ya watu niseme mwenyewe niliyomwambia yeye. Amesema hataki yasemwe na mtu mwingine kwa niaba yangu. Nimekubali.

Kwa hivyo sitakuja stesheni. Mamako atakusindikiza, na ami yako atabeba sanduku. Najua ulitaka niwepo, nami nilikuwa nimeshapiga pasi kanzu. Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika, na inaniuma kwamba sitaiona treni yako ikiondoka. Saa hiyo nitakuwa nimesimama Mtopanga mbele ya watu wote, nikisema kwamba Alhamisi ile sikumuona mtu yeyote akivuka, kwa sababu nilikuwa Changamwe na binti yangu, amenishika mkono, tukiangalia ndege.

Babako